Mkono wa Kulia wa Luhende

Mwalimu Januarius aliifunga sanda ya Luhende mwenyewe, asije mtu mwingine akaigusa. Mahali pa mkono wa kulia alikuwa ameweka taulo iliyojazwa pamba. Kwa nje hukuona tofauti.

Mkono wenyewe ulikuwa darasani, ndani ya formalini, dawa ya kuzuia maiti isioze. Tangu soko huria liingie na kila chuo kuambiwa kijitafutie, chuo hiki cha matabibu pale Somanda hakikuwa na kitu kingine cha kufundishia neva. Luhende, mkulima wa Kimali, alifia hospitalini, na ndugu hawakutokea. Januarius akaamua kwamba hana watu, akaukata mkono. Kumbe mvua ilikuwa imekata barabara.

Sasa wamefika. Mjane, Nyanjige, alisimama kando ya pikapu. Shemeji yake, Mihayo, alikuwa juu ya pikapu, ameinamia jeneza.

"Mwalimu, mkono wa kulia ni upande upi? Mmemkaza kama robota la pamba!"

"Wa nini?"

"Wa nini, tena! Mwanamume kwetu hulazwa ubavu wa kulia, akaulalia mkono wake. Au nyie wasomi mnazikwa mmesimama?"

"Shemeji, acha," Nyanjige alisema. "Ametutunzia mtu wetu huyu." Akamgeukia Januarius, akapiga goti kidogo. "Wabeja, baba. Wengine wangeshamfukia bila jina."

Shukrani ile ilimchoma. Angeweza kunyoosha kidole tu, upande wenye taulo, nao wakaondoka. Mkono ulikuwa kazi yake bora kuliko zote. Hakukuwa na mwingine.

"Ngojeni," alisema.

Darasani wanafunzi walikuwa wameuzunguka mkono. Alipoutoa, akauweka kwenye trei na kuufunika kitambaa, mmoja wao, Felisita, alishtuka.

"Mwalimu, na mtihani wa kesho?"

"Mkono huu una mwenyewe."

Aliibeba trei hadi kwenye pikapu. Nyanjige hakumsubiri aseme, alikifunua kitambaa. Mkono haukuwa na ngozi. Ateri zilipakwa nyekundu, vena buluu, na neva njano, kutoka kwapani hadi ncha za vidole, safi kama kibao cha duka. Wakaguzi walikuwa wameusifu.

Nyanjige aliutazama, macho yakimtoka machozi kwa ukali wa dawa. Akaugusa uzi wa njano.

"Mmempaka rangi."

"Ndiyo, mama. Ili wanafunzi wasichanganye."

"Inatoka kwa maji? Mama yake yu hai. Atataka kumwosha."

Januarius alitamani kusema uongo.

"Haitoki. Ni rangi ya mafuta."

Juu ya pikapu Mihayo aligeuza uso. Nyanjige alivua kitenge cha mabegani, akauviringisha mkono kama anayembeba mtoto, akampa shemeji yake. Januarius aliweka mguu kwenye gurudumu ili apande awasaidie.

"Baki huko chini, baba," Nyanjige alisema, bila kupandisha sauti. "Tutamlaza wenyewe."