Wagongaji Kumi na Wanne wa Marehemu Chrispine

Kuna watu wasiojua kunyamaza, na Mzee Mirumbe ni mmoja wao. Lakini siku ile, kwenye ukumbi wa kanisa pale Rodi Kopany, alikuwa na haki ya kusema. Kamati ya Ukuta wa Mashujaa wa Besiboli ilikuwa imemwita. Ukuta wenyewe uko kwenye uwanja wa shule, umepakwa chokaa, una majina manane ya wachezaji bora kabisa wa Migori na Homa Bay, na Mirumbe alilitaka la tisa liwe lake. Alilitaka sasa hivi. Mtoto wa jicho alishalifunga jicho la kushoto na la kulia lilikuwa njiani, naye alitaka kulisoma jina lake kabla ya giza. Hiyo ni tamaa? Haya, iwe tamaa.

"Tueleze," akasema Walter, mwenyekiti, ambaye mpira wa besiboli ameushika siku za kupigwa picha tu.

"Mwaka wa themanini na tisa tulicheza na timu ya Nairobi, uwanja wa Homa Bay. Mrushaji nilikuwa mimi. Niliwatoa wagongaji kumi na wanne. Kumi na wanne, mwenyekiti! Walikuwa wakipiga hewa kama mtu anayefukuza nyuki."

"Ushahidi uko wapi, jaduong', mzee wetu?"

Hapo sasa. Besiboli yetu haikuandikwa popote. Maandishi tuliyo nayo ni programu za mazishi, vile vijitabu vya picha za rangi ambamo kila marehemu alikuwa mcha Mungu, mchapakazi na mwenye tabasamu. Kamati ilivikusanya, kisha kwa hekima yake ikaamua kwamba asiye na programu hana ushahidi. Ndiyo maana wote wanane walioko ukutani wamekufa.

"Kwa hiyo nife kwanza?"

"Si lazima iwe haraka," akasema Lynnet, katibu, kwa upole. "Lakini kuna shida nyingine, mzee." Akafungua kijitabu cha Chrispine, mmoja wa wale wanane wa ukutani, akasoma: "'Mwaka wa 1989 Chrispine aliwatoa wagongaji kumi na wanne wa Nairobi. Nilikuwapo, nikaona kwa macho yangu.' Ni risala ya rafiki wa marehemu. Mirumbe Gisiri."



Ukweli ni kwamba Chrispine, Mungu amrehemu, hakuwahi kurusha mpira ukafika ulikotumwa. Lakini wewe ungesema nini? Familia ilimwomba rafiki aandike jambo la uwanjani. Akakaa siku mbili akitafuta jambo moja jema ambalo Chrispine alilifanya akiwa na mpira mkononi, akakosa. Na huwezi kusimama mbele ya jeneza, mjane na askofu, useme marehemu alikuwa na mkono mzito. Akachukua siku yake mwenyewe, ile tamu kuliko zote maishani mwake, akampa. Watu walilia. Hata yeye alilia.

"Sasa," akasema Walter, "ulidanganya mazishini, au unadanganya leo?"

Karibu na dirisha alikaa Filister, mjane wa Chrispine, aliyezoeleka kwa jina la Nyar Mfangano, yaani binti wa Mfangano. Naye alikuwa mwanakamati. Hakuinua macho. Alikuwa ameubana mkoba wake kwa mikono miwili. Kila Krismasi wajukuu wake hupigwa picha kando ya jina la babu yao. Neno moja tu la Mirumbe, na jina lile lingekwanguliwa.

Mirumbe alikasirika, nisifiche. Alimkasirikia Walter, akamkasirikia Chrispine aliyelala zake kwa starehe, na zaidi akajikasirikia mwenyewe.

"Nilichosema mazishini ndicho cha kweli," akasema.

"Basi ni uzee," akasema Walter, kwa huruma ya kuudhi. "Lakini unajua kusimulia, yawa! Jumamosi tunauzindua ukuta rasmi. Uje utuhutubie kuhusu Chrispine."

Akaenda. Alianza kavukavu, kisha utamu ukamzidi. Alisimulia mpira kwa mpira: mgongaji wa tatu aliyetema mate, wa saba aliyelaumu jua, na wa kumi na moja, ambapo ukucha wa mrushaji ulikuwa umeshapasuka na damu imeingia kwenye mshono wa mpira, naye akaurusha hivyo hivyo. Alichobadilisha ni jina tu. Watu walimshangilia mpaka wakasimama.

Mtangazaji wa redio akamsogelea. "Na wewe, mzee, siku hiyo ulicheza nafasi gani?"

Mirumbe akageuka kuutazama ukuta kwa jicho lake lililobaki, akaona weupe mtupu. Kwenye kiti cha mbele Nyar Mfangano alikuwa analia, na safari hii hakuwa akimlilia mumewe.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilikuja kutazama tu."