Sahihi ya Upande wa Pili

Saa nne na robo asubuhi, Jumanne moja ya Machi 1991, mlango wa chumba cha wageni ulifunguliwa na watoto wawili wakaingizwa wameshikana mikono. Msichana, Ilinca, alikuwa na miaka mitano. Mdogo wake, Doru, alikuwa na mitatu. Makoti yao yalikuwa yamefungwa vifungo vyote isipokuwa kimoja cha tumboni, na kwenye uwazi huo wa kila koti ilitoka kamba ya kitovu. Kamba hizo mbili ziliungana nyuma yao zikawa moja, nene kama kidole. Ilipita kizingitini, ikashuka ngazi, ikakata ua uliojaa theluji, ikashika barabara ya milimani.

Tove na Preben Lykkegaard walisimama kuwapokea. Walikuwa wametoka Thy, kule Jutland nchini Denmark kunakovuma upepo, wakasafiri mpaka kaskazini mwa Romania kuwachukua watoto waliowasubiri kwa miaka tisa. Tove alikuwa mpimaji wa maziwa kiwandani. Preben alikuwa fundi bomba.

"Ni ndefu," alisema Preben.

"Wengi wa hapa wanazo," alijibu Octavian, mkalimani wao, mzee aliyejifunza Kideni melini. "Mtaizoea. Mradi msiibane na mlango."

Bi Cornelia, mkurugenzi wa kituo, aliiruka kamba bila kuitazama na kuketi mezani. Alieleza kwamba kila kitu kilikuwa tayari, mihuri yote imepigwa. Baba hajulikani. Kuhusu mama alisema maneno machache, na Octavian akafasiri:

"Mama yao ametutoka."

Ilinca akatikisa kichwa na kusema neno moja.

"Anasemaje?" Tove aliuliza.

"Anasema mama ametoka."

"Ametoka, au ametutoka?"

"Bibi Tove," Octavian alisema kwa upole, "hiyo ni silabi moja tu. Na ndege yenu ni kesho."

Tove aliinama akaishika kamba. Ilikuwa na joto. Kwa kuwa kazini alizoea kuamini kinachopimika, alitazama saa yake na kuhesabu mapigo. Yalikwenda polepole, kama ya mtu mzima asiye na haraka. Kisha akashika mkono wa Ilinca: mapigo ya mtoto yalikwenda mbio, kama yapasavyo kwenda ya mtoto. Ilikuwa mioyo miwili tofauti. Tove akasimama, akapangusa goti.

"Haiwezi kukatwa?" Preben aliuliza. "Kwa ajili ya safari."

Octavian akauliza, akajibiwa. "Inawezekana. Ila kuikata kunahitaji sahihi ya aliye upande wa pili."

"Na aliye upande wa pili?"

"Ni marehemu. Marehemu haweki sahihi."

Preben alikuwa mtu wa kufuata taratibu maisha yake yote. Aliichunguza hoja hiyo kama anavyochunguza bomba, akaona haivuji.

Mchana, mumewe alipokuwa akifunga mizigo, Tove aliifuata kamba. Ilipita kando ya kinu cha mahindi, ikavuka daraja, ikafuata uzio wa mbao. Mwanamke aliyekuwa akipiga zulia uani aliiinua kwa mpini wa fagio ili Tove apite chini yake. Tove alielekeza kidole kilimani na kuinua mabega kuuliza. Mwanamke akaiga mtu anayepasua mti kwa shoka, kisha mtu anayekoroga sufuria kubwa: kambi ya wakata miti, na mpishi wao. Halafu akaonyesha mti usio na majani uliokuwa karibu, akafumba ngumi, akafumbua vidole kimoja kimoja. Majani yakitoka, mpishi hurudi.

Tove alielewa. Alikwenda mbele kidogo, mpaka pale barabara ilipoingia msituni. Hapo kamba ilivutwa mara mbili, taratibu, kama mtu anayejaribu kitasa kuona kama mlango umefungwa vizuri. Aligeuka akarudi. Viatu vyake vilikuwa vimelowa. Ndivyo alivyomweleza Preben, na ilikuwa kweli, vilikuwa vimelowa.

Kesho yake mhudumu wa ndege alifunga mlango juu ya kamba kwa uangalifu na kuomba tu isizibe njia ya dharura. Ilinca alikaa dirishani. Doru alilala mapajani kwa Preben, ambaye hakuusogeza mguu wake mpaka Kopenhagen, ingawa ulikufa ganzi wakiwa bado juu ya Poland.

Ofisa wa forodha aliwasimamisha.

"Hii ni nyama? Nyama mbichi haiingii."

"Ni kitovu," alisema Tove.

"Kimeshatengana na mwenyewe?"

"Bado."

"Basi hakijawa nyama. Piteni. Na hongereni."

Huko Thy bendera ilikuwa imepandishwa kwenye mlingoti wa bustani yao. Jirani yao Egon, mkulima wa viazisukari, alisimama getini na mkewe wakipunga vibendera vya karatasi. Kulikuwa na mikate ya maziwa na chokoleti ya moto. Jumamosi ile Preben alitoboa mlango wa mbele, akapitisha kamba, akaweka mpira wa bomba kuizunguka ili upepo usiingie. Egon alisimika nguzo mbili shambani kwake na kuipandisha juu ili trekta lipite. Shule ya chekechea haikuwa na pingamizi, ila iliomba kamba ipite dirishani, kwa sababu ya zamu ya kufagia.

Watoto walijifunza upesi. Kufikia mwezi wao wa pili huko, Ilinca alikuwa akishukuru kwa chakula kila anapomaliza kula, kwa lafudhi ya Thy. Preben alianza kumwita mkewe "Mama", kama baba yake alivyomwita mama yake. Kila jioni kamba ilivutwa mara mbili. Ilinca alivuta mara mbili kujibu, Doru naye akavuta mara nyingi bila hesabu, wakalala. Saa hiyo Tove aliwasha mashine ya kufulia, hata siku ambazo hakukuwa na nguo chafu.

Majani yalipotoka, kamba haikuvutwa kwa jioni mbili. Asubuhi iliyofuata ililegea. Ilianguka kutoka kwenye nguzo za Egon, ikalala juu ya miche. Preben alidhani imekatika, lakini Tove aliishika na kukuta mapigo yakienda haraka kuliko zamani.

Preben alianza kuivuta ndani. Mwanzoni ilikuja kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Siku chache baadaye ilikuja kwa mwendo wa basi, na mikono haikufaa tena. Aliazima gurudumu kubwa la mbao la kuzungushia nyaya za umeme, na Egon akatoa ghala lake, ambalo wakati huo wa mwaka lilikuwa tupu.

"Jirani, mna mgeni njiani," alisema Egon.

"Mgeni gani?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa? Kamba yako, mgeni wako. Mimi nimetoa ghala tu. Mwambie mkeo akung'ute mazulia."

Jioni hiyo Tove alimuuliza mumewe, "Akifika tutafanyaje?"

"Tutampa kahawa."

"Halafu?"

"Atakunywa."

"Preben!"

"Na keki, Mama. Huwezi kumpa kahawa tupu mtu aliyetoka mbali hivyo."

"Nauliza watoto watakwenda wapi."

Preben alikata kipande cha mkate wa shayiri, akakipaka siagi mpaka kwenye kingo zote, akakiweka sahanini bila kukila.

Tove alipiga simu kwenye shirika lililowapa watoto. Mwanamke aliyepokea alikuwa mchangamfu. Alitazama jalada akasema mama wa watoto amefariki.

"Lakini anakuja," alisema Tove.

"Kwa karatasi tulizonazo hawezi kuja, bibi. Pumzika. Wazazi wapya wengi hupatwa na wasiwasi wa namna hiyo."

Ilinca hakuuliza kitu. Asubuhi alivaa viatu, akamvalisha Doru vyake, wakaketi ngazini kutazama barabara. Tove alitoka akaketi nao.

"Mnamngoja nani, mwanangu?"

"Mama."

"Mama si mimi hapa?"

"Ndiyo," alisema Ilinca kwa adabu. "Nawe upo."

Siku hiyo kabla ya chakula cha mchana gurudumu lilisimama. Preben aliweka uzi juu ya ramani, akakadiria, akasema kamba imeishia mpakani na Ujerumani. Kutoka pale mpaka kwao ni safari ya gari ya nusu siku, ukisimama kula soseji. Alikwenda kuosha gari. Hakusema alikuwa akiliosha kwa ajili gani.

Simu ililia akiwa bado nje. Tove aliipokea jikoni, mahali kamba ilipopita kando ya jiko kuelekea mlangoni.

"Bibi Lykkegaard? Samahani kwa usumbufu, ni hapa mpakani. Nina mwanamke hapa, Mromania, hana viza. Anasema kamba yake inafika kwenu."

"Anaitwa nani?"

"Saveta Bota. Mnamfahamu? Maana nikipata mwenyeji wa kumdhamini, naweza kumruhusu wiki mbili. Sahihi moja tu."

Kupitia dirishani Tove aliwaona watoto ngazini. Doru alikuwa amelala, kichwa kwenye bega la dada yake. Tove aliiweka mikono miwili juu ya kamba, akiwa amebana simu kwa shingo. Mapigo yalikwenda mbio kuliko alivyopata kuyahesabu.

"Jina nalijua," alisema. "Limo kwenye karatasi zetu. Mwenye jina hilo amefariki."

"Una hakika?"

"Kuna mhuri."

"Aa. Basi si yeye."

"Basi si yeye."

"Ila kamba hii inaingia ndani ya koti lake, bibi. Naiona."

"Hilo halimo kwenye karatasi."

"Hapana," ofisa alikiri. "Halimo. Samahani sana kwa usumbufu."

Preben aliingia na ndoo mkononi. "Nani huyo?"

"Mpakani. Anarudi alikotoka."

Preben aliiweka ndoo chini. Kisha alikwenda kwenye gari, akatoa kipande cha bomba la shaba, akakikunja, akakipaka grisi ndani, akakifunga kwenye mlango wa ghala ili kamba isikwaruzike inapotoka. Kesho yake alfajiri gurudumu lilianza kuzunguka kinyume. Preben alililegeza kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko, ili watoto wasivutwe tumboni. Alilala ghalani juu ya magunia. Egon alimletea bia, akakaa naye bila utani.

Ilinca alikuja ghalani kila baada ya chakula, viatu vimefungwa vizuri, akatazama gurudumu likipungua. Jioni ya tatu alimleta na Doru. Tove aliwafuata akiwa na vikoti vyao, kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka baharini, akawavalisha, akaacha wazi kifungo cha tumboni.

Pindi la mwisho lilitoka kwenye gurudumu saa mbili kasorobo, jua la kaskazini likiwa bado juu. Kamba ilipita kwenye bomba, ikainuka kutoka kwenye miche ya Egon, ikanyooka. Watoto waliburutwa hatua mbili juu ya changarawe, soli za viatu zikiacha mistari minne, kisha wakasimama.