Theluji Kwenye Roshani ya Errol

Kila siku saa moja asubuhi Alban Pinto alifungua mlango wa roshani, akasoma vipimajoto vyake vitatu, akaandika daftarini namba ya kile cha katikati. Jumanne ya katikati ya Oktoba kilisema nyuzi kumi na mbili. Upepo ulitoka ziwani. Miti ya Bonde la Don, hapo Toronto, ghorofa kumi na moja chini yake, ilikuwa imegeuka nyekundu na manjano, na bata bukini walikuwa wameshapita mara mbili kuelekea kusini. Aliwaandika na bata. Mwisho akaandika: Theluji, bado.

Alikuwa na sababu ya kuitaka mapema mwaka huu. Mkewe, Marina, alifariki mwezi wa tatu. Siku mbili kabla, kitandani hospitalini, alisema kama mtu anayeaga kwenda dukani, "Theluji ya kwanza mwaka huu nitaileta mwenyewe." Alban aliyaandika maneno hayo pamoja na saa yake, saa tisa na robo alasiri. Errol D'Mello, jirani yao wa mlango wa pili, alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda akimenya chungwa. Yeye hakuandika kitu.

Marina hakuwa mtu wa kuahidi halafu akasahau. Kwa hiyo Alban alifagia roshani, akanunua rula mpya, akaitoa nje sufuria ndogo ya marehemu na kuiweka palipo wazi.

Sufuria hiyo ilikuwa na kazi yake. Marina alipofika Toronto kutoka Tanga mwaka 1974, theluji ya kwanza aliyoiona aliizoa akaipikia chai ya maziwa na tangawizi. Alisema hawezi kukaa katika nchi ambayo hajaionja. Tangu hapo, kila mwaka ilipoanguka ya kwanza, alivaa koti, akachukua sufuria na jiko dogo la gesi, akashuka kupika kwenye benchi la uani. Kabla ya kushuka alisimama mlangoni akaita, "Alban, twende." Na kila mwaka Alban, aliyekuwa dirishani na kalamu yake, alijibu, "Nikishuka, nani ataandika saa?"

Jumanne hiyo hiyo, saa kumi na dakika tano jioni, theluji ilianguka. Ilianzia chini ya sakafu ya ghorofa ya kumi na mbili, ikashuka taratibu, ikajaa kwenye roshani ya Errol. Kati ya roshani hizo mbili kulikuwa na bati tu, na theluji ilikomea kwenye bati. Upande wa Alban palikuwa pakavu na nyuzi kumi na saba.

Alichungulia pembeni mwa bati. Errol, dereva wa basi mstaafu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na kofia ya sufi, theluji ikimtua mabegani. Alikuwa anatabasamu. Alban aliona wivu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika mambo yalivyo, hakuuita jina jingine.

"Amekosea roshani," alijisemea.

Aliona ni kosa dogo, la kurekebishika. Marina hakuwahi kuwa hodari wa namba za milango. Alichukua kadibodi, akaandika kwa kalamu nene PINTO, 1107, akaifunga kwenye chuma cha roshani ikitazama nje. Akasogeza sufuria hadi kwenye bati. Jumatano asubuhi kadibodi ilikuwa palepale na sufuria ilikuwa na jani moja. Kwa Errol theluji ilifika sentimita nne, kwa makisio ya macho.

Jengo zima lilikuwa na habari. Hasan, msimamizi wa jengo, alimpelekea Errol barua kwamba wapangaji wanatakiwa kuondoa theluji roshanini ili isizidi uzito. Shahbanu wa ghorofa ya kumi alipanda kulalamika kwamba maji yanamdondokea kwenye zulia lake. Alipotoka kwa Errol alimkuta Alban kwenye ukumbi wa lifti.

"Uncle Alban, kwako imeanguka?"

"Kwangu bado."

"Basi bahati yako," alisema Shahbanu. "Mimi zulia limelowa chapachapa." Lifti ikafika, akaingia.

Alban hakuiona bahati hiyo. Alichukua ufagio, akapitisha mkono upande wa pili wa bati, akavuta. Chembe zilizovuka ziliyeyuka kabla hazijagusa sakafu yake. Alijaribu mara tisa. Akampigia simu binti yake, Lisa, aliyekuwa anaishi Mississauga.

"Mama yako amekosea roshani," alimwambia. "Theluji yangu ameimwaga kwa Errol."

Lisa alielewa Kiswahili vizuri lakini alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Dad, she lived there fifty years. She knew which one was yours." Yaani mama alijua vizuri roshani ya baba ni ipi.

"Sasa mbona..."

"I have to go, Dad. Kula kitu."

Usiku huo hakulala. Asubuhi alishusha madaftari yote kutoka juu ya kabati, hamsini na moja. Alitaka ushahidi kwa maandishi kwamba theluji za kwanza zote zilikuwa zake na Marina. Hakukosa hata moja. Novemba 1974, saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi, sentimita mbili, M. ameshuka. Novemba 1975, sentimita moja, M. ameshuka. Kuanzia 1983, mwaka Errol alipohamia, mwandiko wake mwenyewe ulisema M. ameshuka, E. yupo uani. Mwaka 1990, M. na E., dakika ishirini. Mwaka 2004, M. na E., dakika hamsini, M. anacheka. Aliona yote hayo kutoka dirishani, akaandika, akafunga daftari. Alitafuta mahali palipoandikwa A. ameshuka. Alifika mpaka daftari la mwaka jana.

Alhamisi jioni sauti ya Errol ilipita juu ya bati. "Alban! Come, bwana. Maji yanachemka."

Alban alikwenda na sufuria ya Marina kwapani. Errol alimfungulia, akamwambia asihangaike kuvua viatu, wakatoka roshanini. Theluji ilikuwa bado inaanguka. Ilimwangukia Errol, kiti, na jiko dogo la gesi. Pale Alban aliposimama ilikatika, pakawa na duara kavu la saruji kumzunguka miguu. Alisogea kushoto, duara likasogea naye. Akasogea mpaka kwenye chuma. Akufukuzaye hakwambii toka, na Alban alikuwa amekaa Tanga vya kutosha kuijua methali hiyo.

"Mlikuwa na nini, wewe na mke wangu?" aliuliza.

"Chai," alisema Errol.

"Miaka arobaini?"

"Chai tu, man. Na mimi nilikuwa nanywa kikombe cha pili. Cha kwanza alikuwa anakuwekea wewe, pale kwenye benchi. Anatazama juu dirishani, anangoja. Kikipoa anamwaga kwenye majani, ndiyo ananimiminia mimi."

Katika daftari hakukuwa na kikombe. Kutoka ghorofa ya kumi na moja kikombe hakionekani.

Errol aliichukua sufuria kwapani mwa Alban, akazoa theluji kwa mkono, akaiweka motoni. Akatia majani, maziwa, na tangawizi aliyokwisha kuiponda. Ilipochemka alimimina kikombe kimoja, akamnyooshea.

"Kunywa, kingali moto."

Alban alikipokea. Kilikuwa na harufu ya koti la Marina alipokuwa akirudi ndani. Kisha akaitazama saa yake: ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili.

"Ngoja kidogo," alisema. "Niandike saa kwanza."

Akakiweka kikombe juu ya chuma cha roshani, akarudi kwake. Kalamu ilimsumbua, ikabidi atafute nyingine. Aliandika tarehe, saa, sentimita sita, nyuzi kumi na tano upande wa kaskazini wa bati, kwake, na sifuri upande wa kusini, kwa Errol. Akaongeza, M. ameshuka. Ng'ambo ya bati alisikia chai ikimwagwa, halafu ikimiminwa upya, kikombe kimoja, na baada yake cha pili. Errol alisema jambo kwa sauti ndogo, na mtu akacheka.

Alban alikaa na kalamu mkononi akisubiri kuitwa. Lakini yeye alikuwa akiitwa mara moja tu kwa mwaka, na mwaka huu alikuwa ameshaitwa.