Tamthilia ya Watu Wema

Kuna tamthilia moja inanitia kichefuchefu. Haina mwovu hata mmoja. Muuza mikate, muuguzi na mzee mjane wanaishi jengo moja, wanagombana kidogo, halafu wanapatana kabla ya matangazo. Kaka yangu na wifi hawaikosi. Tangu kiwanda cha sabuni kifungwe na kaka arudishwe nyumbani, taarifa ya habari hataki hata kuisikia.

"Dada, nje kumechacha," huniambia. "Vita huku, njaa kule. Tuache na sisi tupumue."

Haya, pumueni. Ila chumba cha pili amelala mama yetu, amepooza upande mmoja, na hawezi kujigeuza. Tulikubaliana vizuri tu: alfajiri na usiku ni mimi, mchana ni wao, maana mimi nashinda hospitalini nikifua mashuka ya wagonjwa na wao wanashinda kwenye kochi. Kumgeuza, kumbadilishia, kumpa maji, basi. Kidonda kimeshafunguka kiunoni. Daktari alituambia wote watatu, bila kumung'unya maneno, kwamba kikifika kwenye mfupa tutamzika.

Jioni moja nafungua mlango, harufu ikanipokea kabla ya mtu yeyote. Sebuleni wawili hao wameshikana mikono, wanalia. Kaka, mwanaume mzima mwenye ndevu, anajifuta machozi kwa ncha ya shati. Kwenye kioo cha televisheni yule muuguzi alikuwa anamwosha bibi kizee wa ghorofa ya juu, taratibu, na kinanda kinalia nyuma yake.

"Ona, wifi yangu," akasema mke wa kaka, kamasi zikimchuruzika. "Wala si damu yake. Kumbe utu haujaisha duniani!"

"Mama mmemgeuza?"

"Tulikuwa tunaenda sasa hivi. Imebaki kidogo iishe."

"Na mchana?"

"Mchana walikuwa wanarudia ya jana," akasema kaka, bila haya hata ya kuazima.

Nilitamani kutema mate pale pale kwenye zulia. Nimeshika mashuka yenye kila aina ya uchafu unaotoka kwa binadamu, lakini sijawahi kuona uchafu kama machozi yale.

"Mnamlilia bibi wa kwenye kioo," nikawaambia, "na mama yenu wa kumzaa mnapita mlangoni kwake mmeziba pua! Wanafiki wakubwa nyie!"

Nikang'oa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Wifi akafyonza, kaka akatazama miguu yake. Hakuna aliyeinuka.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, nzito, ya ulimi uliopooza nusu.

"Nani kazima?"

Nikaingia na beseni na taulo. Godoro limeloa kutoka mabegani hadi magotini.

"Mimi, mama. Wamekuacha hivi tangu mchana, wamekaa na upuuzi wao."

"Najua nimeloa. Ngozi ni yangu. Washa."

"Mama, kwanza nikuoshe."

"Washa, mwanangu. Yule mtoto hajamaliza kumwosha yule bibi. Nilikuwa nasikiliza."

"Mimi si nipo? Nani anakuosha hapa kila siku?"

Akanitazama kwa jicho lake zima.

"Wewe. Mungu akulipe, hujawahi kunilaza na uchafu. Lakini unanisugua kama sufuria lililoungua. Unabana pumzi, unakunja uso, unawatukana wenzako juu ya mgongo wangu mpaka unamaliza. Yule anamwuliza mwenzake alipokuwa msichana alipenda nini. Mimi nafumba macho, najifanya ananiuliza mimi."

Nilirudi sebuleni nikachomeka waya, kaka akaongeza sauti haraka haraka, asije akapitwa.

Nikamvua mama nguo. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, nikaanza begani, polepole, nikitafuta swali la kumwuliza. Harufu ilinipanda hadi kooni. Nikafika kwenye kidonda, nikajitahidi kulegeza uso, ukakataa kulegea, na mama alikuwa ananitazama.

"Alipokuwa... ulipokuwa msichana, mama," nikaanza.

"Nyamaza kidogo," akasema, akageuzia kichwa ukuta wa sebuleni. "Sisikii."