Viti Sitini vya Orrin Tarr

Mji wetu wa Cutler Bend, Nebraska, umepata majumba matatu ya opera, na watu hupenda kusimulia la tatu, lile la viti vya mahameli. La kwanza lilikuwa ukumbi tu, juu ya duka la vyuma. Opera haikuimbwa humo hata siku moja. Walikuja waigizaji, wafanya mazingaombwe na wapinga pombe. Viti vyake sitini viliazimwa kwa Orrin Tarr, muuza majeneza, aliyevitumia pia misibani.

Kwa hiyo Novemba moja mzee Pell alipofariki, Augusta Brandvold, msimamizi wa ukumbi, alijua yuko mashakani. Mazishi saa saba, mchezo saa kumi, siku hiyo hiyo. Na mwenye jengo alishamwonya: mchezo huu ukiharibika, ukumbi ataujaza magunia ya mbegu.

"Viti vinakwenda msibani," Orrin alisema. "Maiti haiahirishwi, Augusta."

"Nani kasema iahirishwe? Mchungaji afupishe maneno."

"Amdahl? Huyo akiombea supu, inaganda."

Augusta akaenda kwa mjane. Bi Thurza Pell alisali kanisa lililouita ukumbi ule mdomo wa jehanamu. Augusta alimkuta akishona kifungo cha koti la marehemu, uzi unamponyoka vidoleni. Augusta akachukua sindano, akamalizia.

"Umekuja kuomba viti," mjane alisema.

"Nimekuja kukupa pole."

"Usinidanganye, mwanangu."

"Basi nimekuja kwa yote mawili."

"Viti sivitoi mpaka Pell asindikizwe sawasawa."

"Ni haki yake, mama," Augusta alisema, na hakuomba tena.

Kesho yake alikaa msibani katikati ya waombolezaji, hakuitazama saa. Saa tisa ilipogonga, Mchungaji Amdahl alikuwa bado yuko utotoni mwa marehemu. Mjane akainuka.

"Mchungaji, Pell alikuwa mtu mwema. Tumesikia mara tatu. Tukamzike."

Waliporudi kutoka makaburini, Bi Thurza alikunja kiti alichokalia, akakitia kwapani, akashika njia ya duka la vyuma. Nani angemwacha mjane abebe kiti peke yake? Wakamfuata, kila mmoja na chake, na wengine viwili viwili. Orrin alikuja nyuma, hana cha kubeba, amechanganyikiwa.

Ukumbini watu walikuwa wamesimama, wamenuna, kiongozi wa waigizaji anafunga masanduku. Ngazi zikaanza kulia. Waombolezaji wakapanga viti mstari kwa mstari, kisha wakabaki wameshika kofia, hawajui waondoke au wafanyeje.

"Humu wanafanya nini hasa?" mjane alimwuliza Augusta.

"Leo wanachekesha, mama."

"Pell alipenda kucheka. Nyumbani tu, lakini."

Akaketi mstari wa nyuma, karibu na jiko, mkoba mapajani. Waombolezaji wakatazamana, wakaketi mmoja mmoja. Waliokosa viti wakaegemea ukuta. Augusta akafunga mlango baridi isiingie, akawaashiria waigizaji wafungue pazia.