Fulana za Bwana Kimondo

Redempta aliichomoa katikati ya rundo la nguo za watoto, akaikung'uta na kuisogeza kwenye mwanga. Fulana ya kijani, kola imelegea. Kifuani nyota nyeupe yenye mkia mrefu, imefifia, lakini ipo. Wachuuzi wenzake waliozunguka belo la mitumba waliendelea kugombania suruali za jinzi. Aliikunja, akaitia mkobani.

"Umepata nini?" aliuliza Belinda, jirani yake wa kibanda.

"Ya mtoto tu."

Belinda hakuuliza mtoto yupi. Redempta hakuwa na mtoto.

Chumbani kwake, mtaa wa Minga, alikuwa na sanduku la bati lililojaa vitu vyenye nyota ile: fulana, kikombe cha plastiki, begi la shule lisilo na zipu, soksi moja. Vyote vilitokana na tamthilia ya zamani ya shujaa aliyeruka angani kila aliposikia mtu analia. Jina lake la Kiingereza liliwashinda watoto wa mtaa, wakamwita Bwana Kimondo. Televisheni ilikuwa ya Mzee Sultani, mwenye duka. Redempta alitazama akiwa nje, dirishani, na mdogo wake Zefania pembeni amesimama juu ya debe. Kiingereza hawakukielewa, kwa hiyo Redempta alimtungia maneno. "Anasema, nakuja, usiogope." Zefania aliyaamini yote.

Akiwa kijana, Zefania alikwenda kutafuta kazi migodini, Geita. Simu zake zikawa za sikukuu, halafu za misiba. Sasa alikuwa amekuja kijijini Mungaa kumzika baba mdogo wa mkewe, na kesho yake angepita mjini kula kwa dada yake kabla ya kupanda basi.

Redempta hakufungua kibanda siku hiyo. Alichinja kuku, akapika ugali wa mtama na mlenda, kisha akatandika shuka safi kitandani na kuvipanga juu yake vitu vya sandukuni.

Zefania aliinama kupita mlangoni. Alikuwa amenenepa, na ndevu zake zimeanza mvi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole na msiba."

"Tumeshapoa."

Alipokwisha kunawa, macho yake yaliangukia kitandani. "Biashara imehamia nyumbani?"

"Siyo za kuuza. Tazama vizuri."

Alichukua fulana moja, akaigeuza mbele na nyuma. "Ni timu ya mpira?"

"Bwana Kimondo, Zefania. Pale kwa Mzee Sultani."

Alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu asiyemfahamu. "Dada, nisikudanganye. Simkumbuki." Aliirudisha fulana mahali pake, akailainisha kwa kiganja. "Nakumbuka njaa tu, miaka ile."

Walikula. Alisifu mlenda, akasimulia shule za wanawe. Redempta aliwahi kuwaona kwenye picha za simu tu. Halafu akamsindikiza stendi, wakaagana, basi likaondoka.

Hakutaka kurudi chumbani. Alikwenda sokoni, akafungua kibanda jua likiwa limeshageuka, akakaa bila kuita wateja. Simu ikaita.

"Dada, tuko karibu na Iguguno," alisema Zefania. Injini ilikuwa ikinguruma nyuma ya sauti yake. "Pale dirishani hapakuwa na mbwa?"

"Mbwa?"

"Mbwa wa yule mzee. Mweusi. Walikuwa wakimfungulia ili atufukuze. Mimi nilikuwa nashindwa kushuka kwenye debe, wewe unasimama mbele yangu umetanua kanga, unamwambia maneno. Alikuuma mguu siku moja. Hukumbuki?"

"Nilikuwa namwambia nini?"

Akasikia upepo, nusu ya neno, kisha mtandao ukakatika. Alipiga, haikuita. Akapiga tena.

Belinda alikuwa akifunga marobota yake. Redempta alivua kandambili, akapandisha gauni hadi magotini, akainama kuitazama miguu yake, mmoja baada ya mwingine, akiipapasa ngozi polepole kwa kidole gumba. Mteja alisimama mbele ya kibanda akauliza bei ya sweta. Hakusikia.