Alichoitikia Afra

Kule kwetu milimani mtu ukikutana naye mlisema "Mungu akubariki", mkapita, kila mmoja na ng'ombe wake. Kisha Askofu Mkuu, aliyekuwa pia mtawala wetu, akatuletea salamu mpya. Ukiingia nyumbani kwa mtu useme, "Tumsifu Yesu Kristo." Mwenye nyumba aitikie, "Milele na milele, amina." Na kila anayesalimia na anayeitikia anapunguziwa siku za toharani, huko roho zinakosafishwa kabla ya kuingia mbinguni.

Utaniuliza, ubaya uko wapi hapo? Hata mimi nilimuuliza mume wangu. Lakini sisi tulikuwa Walutheri wa kujificha, na Veit alikuwa na kichwa kigumu kuliko mwamba wa chumvi aliouchimba.

"Yesu namsifu bure, Traudl," aliniambia. "Sitaki ujira. Na hiyo toharani yao haipo."

Basi Walutheri wote wa bondeni wakawa wanasalimiwa na kunyamaza, na ukimya huo ukatuanika kuliko Biblia tuliyoificha chini ya nyasi za ng'ombe. Ukinyamaza unaandikwa. Ukiandikwa unafukuzwa nchini, uache shamba na makaburi. Ukiitikia, umekana imani ambayo mama yako alikufa nayo. Nilikuwa nikisikia hatua za mtu uani, naacha kazi nasikiliza. Mlango wangu mwenyewe niliuogopa.

Na tulikuwa na Afra, miaka sita. Ndugu zake watatu tulishawazika. Huyu mmoja ndiye aliyebaki, nami sikuwa tayari kumpoteza kwa ajili ya askofu wala kwa ajili ya Luther.

Siku mwalimu alipomzaba kofi kwa kutoitikia salamu, niliamua. Nilimfundisha zizini, wakati wa kukamua, baba yake akiwa mgodini. Mimi nasalimia, yeye anaitikia, kisha anachovya kidole kwenye asali.

"Usimwambie baba."

"Kwa nini?"

"Baba hapendi mambo ya asali."

"Anapenda! Juzi kalamba kijiko kizima!"

"Afra, shika ndoo."

Nilijiambia mdomo wa mtoto hauna dhehebu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: watu wa Askofu wakija kukagua, Veit atakuwa chini ya ardhi, mimi na mtoto tutaitikia, nyumba itaandikwa ya Kikatoliki, na Veit hatajua kitu. Nilijiona mjanja kweli.

Walikuja Ijumaa moja mchana, na Veit alikuwa nyumbani. Jiwe lilikuwa limemponda kidole cha mguu siku mbili kabla, kwa hiyo alikaa karibu na jiko mguu juu ya kigoda. Msimamizi wa wilaya, Bwana Kajetan Lerch, hakupiga hata hodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu changu, akafunua, akanusa, akitafuta nyama, ambayo Mkatoliki hali siku ya Ijumaa.

"Uji wa shayiri," alisema, kama mtu aliyepunjwa. "Leo mmejipanga."

"Jikoni kwangu kila siku ni Ijumaa, Bwana Msimamizi," nilimjibu.

Nyuma yake aliingia padri mwenye ndevu ndefu na kanzu ya kahawia, Padri Ildefons. Macho yake yalikuwa ya upole, na upole huo ndio ninaouchukia mpaka leo. Mtu mkali ningemtukana nikapumua.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

Veit alitazama mguu wake. Msimamizi akafungua daftari, akaandika.

"Na mama mwenye nyumba? Tumsifu Yesu Kristo."

Hapo Veit aliinua macho akanitazama. Hakunitisha. Alinitazama vile alivyonitazama siku tulipomzika mtoto wa tatu, na mimi nilimpenda, niseme nini zaidi. Maneno yalifika kwenye ulimi, yakagoma. Nilisikia uji ukichemka. Msimamizi akaandika tena.

Afra alikuwa amenishika sketi. Aliniangalia mimi, akamwangalia padri, akaona aibu kwa niaba yangu.

"Mama kasahau," alisema. Kisha akasimama wima, mikono ubavuni, akaitikia kwa sauti nzuri ajabu, "Milele na milele, amina!"

Padri alicheka kwa furaha ya kweli. Alichuchumaa, akampa picha ndogo ya Bikira Maria yenye rangi ya bluu.

"Mume na mke, wiki moja, watoke nchini," msimamizi alisoma alichoandika. "Mtoto ni Mkatoliki. Mkatoliki hatolewi nchini pamoja na wazushi. Atakwenda kwa masista, leo hii."

"Hajui anachosema!" nilipiga kelele. "Nimemfundisha mimi! Kwa asali, zizini!"

"Basi ulimtendea jema, mama," padri alisema taratibu.

"Milele na milele, amina! Haya, nimeitikia! Niandikeni na mimi, nibaki naye! Milele na milele, amina!"

Padri alimtazama msimamizi. Msimamizi alikuwa anapuliza wino ukauke.

"Jibu la hofu halihesabiki," alisema.

"Na la asali linahesabika?"

Msimamizi alifunga daftari. Veit alisimama kwa mguu wake mbovu, akapiga hatua moja, msimamizi akaweka mkono kwenye upanga. Veit hakumtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ulimfundisha?"

"Ndiyo."

Aliketi. Tumetembea wiki nyingi hadi huku Prussia walikotupokea, tumelala kitanda kimoja miaka kumi na tisa, na hajaniuliza tena.

Afra aliona namna nilivyokuwa nalia, akaingiwa na wasiwasi. Alinivuta sketi.

"Mama, nimekosea?"

Wote walikuwa wananisikiliza. Ningemwambia amekosea, angejua ni kosa lake, na angelibeba maisha yake yote kwa masista wale.

"Hujakosea, mwanangu. Umeitikia vizuri sana."

Uso wake ukafunguka. Akampa padri mkono, akatoka naye huku akirukaruka, kwa maana alijua ameniokoa.